Macho ya Kiooni

Msusi alilelewa na mama ambaye hakutaka mchezo na macho. Mtoto wa kike akimkazia mtu mzima macho, kofi lilimfikia kabla hajapepesa. "Unanikodolea nini? Mimi sinema?" mama angeuliza, na msusi, ambaye wakati huo hakuwa msusi wa mtu bali kisichana chenye miguu kama fito, alijifunza kuongea na vidole vya miguu ya watu. Akakua hivyo hivyo. Majirani aliwajua kwa viatu, walimu aliwajua kwa soksi, na mchumba wa dada yake mkubwa alimjua kwa ukucha mweusi wa dole gumba. Dada mkubwa hakuacha kumcheka. "Wewe siku ukiolewa," alisema, "utaolewa na kandambili."

Kazi ya ususi ilimfaa sana mtu wa namna hiyo. Anayesuka hatazami uso. Anatazama utosi na kisogo, na ile njia nyeupe ya ngozi inayotenga fungu na fungu. Wateja wanampa mgongo, naye anawapa vidole. Akishika kitana chake chenye mkia mrefu aligeuka mtu mwingine kabisa, mtu wa amri: inama, geuka, tulia. Wanawake wenye vyeo vyao huko maofisini walimtii bila ubishi, wakainamisha vichwa, wakatulia.

Saluni aliyopata kazi ilikuwa chumba kimoja chembamba, kilichobanwa kati ya duka la vifaa vya umeme na kibanda cha fundi viatu. Ndani mlikuwa na viti viwili vya kuzunguka, beseni la kuoshea nywele, kabati la taulo, na kioo kimoja kirefu kilichoanzia ukuta huu kikaishia ukuta ule. Kiti cha karibu na dirisha kilikuwa cha kinyozi. Cha ndani kikawa cha msusi. Wote wawili walifanya kazi wamesimama nyuma ya wateja wao, bega kwa bega, wameelekea kioo.

Kinyozi ndiye aliyekodi chumba. Alikuwa mwanamume mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini, na koti la samawati ambalo halikuisha vinyweleo hata lilipotoka kufuliwa. Siku ya kwanza alimwonyesha msusi swichi ya draya, bomba linalovuja, na ndoano ya kutundikia mkoba. Msusi aliitikia kila jambo akiwa ameinama. Alitoka kazini jioni ile anazijua vizuri raba za kinyozi na hajui kama mwenyewe ana ndevu.

Uso wake aliuona wiki iliyofuata. Alikuwa anamsuka mama mmoja wa benki, mwanamke wa maneno mengi, aliyekuwa akimsema bosi wake tangu alipokaa. Msusi akainua macho kioo kimuonyeshe kama mistari ya kushoto na ya kulia imelingana. Hapo kando ya kichwa cha mteja, kiooni, alikuwepo mwanamume anamtazama.

Tuseme ukweli, kama angemtazama hivyo ana kwa ana, msusi angedondosha kitana na kukimbilia kwa fundi viatu. Lakini kumtazama mtu kiooni si kumtazama. Kioo ni cha wote. Macho yana haki ya kuwa pale. Mama yake hakuwahi kumpiga kofi kwa kuangalia kioo. Basi akabaki anatazama, na kinyozi naye akabaki, na mashine yake ikaunguruma hewani bila kugusa kichwa cha mtu. Mama wa benki alikuwa anasema, "Sasa huyo bosi wetu anadhani sisi watoto?" Kinyozi akainua nyusi kidogo tu, kama anayesema: umemsikia huyu? Msusi akang'ata mdomo asicheke. Joto lilimpanda kutoka tumboni hadi masikioni. Alikuwa na umri wa kuzaa na kulea, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuona macho ya mwanamume yana rangi gani.

Kuanzia siku hiyo kioo kikawa chao. Wateja waliingia, wakatoka, wakazungumza siasa, mipira, mawifi na magonjwa, na juu ya vichwa vyao watu wawili wakawa wanaongea bila mdomo. Kulikuwa na jicho la asubuhi, la kuuliza umelalaje. Kulikuwa na jicho la mteja msumbufu. Kulikuwa na jicho moja ambalo halikuwa na neno: lilikuja, likaogopa, likashuka kwenye taulo, likarudi tena. Hilo ndilo msusi alilokuwa akilingojea siku nzima. Likimjia, alilazimika kuegemea kiti. Wateja walidhani amechoka, wakamhurumia, wakamwambia anywe maji.

Hata posa ilipitia hapo hapo. Siku hiyo kinyozi alikuwa na mzee mmoja mstaafu chini ya shuka, povu limemjaa hadi masikioni, wembe uko shingoni. Kinyozi akausimamisha wembe, akatazama mbele, akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Nataka tuoane."

Mzee akafumbua jicho moja. "Mimi nina mke, kijana," akasema. "Na hata nisingekuwa naye, usiniulize nikiwa na wembe kooni."

Saluni nzima ikavunjika mbavu. Msusi alicheka hadi machozi, na katikati ya machozi yale akaitikia kwa kichwa, mara moja, akikielekea kioo. Kinyozi akamaliza kidevu cha mzee macho yakiwa bado kiooni. Ni bahati tu kwamba hakumkata.

Picha za harusi zipo. Bwana harusi anatazama saa ya mtu aliyesimama pembeni, bibi harusi anatazama maua. Mpiga picha aliwabembeleza mpaka akachoka: tazamaneni basi, jamani, ninyi si mnapendana? Dada mkubwa alisema ni haya za siku ya kwanza, zitakwisha. Hazikuisha. Nyumbani hapakuwa na mteja, hapakuwa na mashine, hapakuwa na kioo, na wale watu wawili waliokuwa wakiwaka moto mchana kutwa walikaa mezani kama abiria waliokutanishwa na safari. "Chumvi imetosha?" "Imetosha." Macho kwenye sahani. Msusi alikuwa na kofi la mama yake. Kinyozi naye alikuwa na lake: tangu ujana alizoea kuzungumza na watu akiwa amesimama nyuma yao, na mtu akimkalia mbele ana kwa ana hakujua hata mikono aiweke wapi. Gizani walikuwa mume na mke, na vizuri tu. Taa ikiwaka, kila mmoja aliokota kitu cha kufanya.

Siku moja msusi akapata wazo. Wanunue kioo, wakitundike chumbani mbele ya kitanda. Kinyozi akakileta Jumapili mchana, akakigongomea msumari, wakakaa ukingoni mwa kitanda bega kwa bega kama walivyozoea, wakatazama. Wakacheka. Kicheko kikaisha, na wao wakabaki. Kioo kiliwaonyesha watu wawili wamekaa kitandani mikono magotini, kama wagonjwa wanaongoja kuitwa na daktari.

"Nywele zako zimeota," msusi akasema.

"Kesho nitanyoa," kinyozi akajibu.

Kile kioo kikaishia kutundikiwa taulo. Msusi hakulalamika. Alielewa, kwa namna yake, kwamba macho yao yalizoea kujificha nyuma ya watu, na wakibaki peke yao hawakuwa na pa kujificha. Wangapi wanapata hata hayo? Ndoa yake ilifunguliwa asubuhi pamoja na mlango wa saluni, ikafungwa jioni pamoja nao, na kwa kuwa saa za kazi zilikuwa nyingi, alijihesabu mwenye bahati. Kitu kimoja tu hakukipenda, nacho ni Jumapili.

Kisha akapata mimba. Miguu ikavimba, kusimama kukamshinda, daktari akamwambia akae nyumbani. Kiti cha ndani kikawa hakina mtu. Wateja wa kike walifika, wakachungulia, wakaenda zao. Ilibidi atafutwe mwingine wa kushika kitana, na msusi akasema atamchagua mwenyewe. Kinyozi hakuwa na neno. "Yeyote tu," alisema, "mradi ajue kusuka."

Yeyote tu! Mwanamume anaweza kusema hivyo. Msusi alijua kile kiti ni kitu gani. Alijua kwamba anayesimama nyuma ya kiti hicho amesimama mahali ambapo macho ya mume wake yanaishi. Basi akawapokea waombaji sebuleni, miguu yake juu ya stuli, tumbo mbele yake, akawachambua kuliko anayechambua mchele. Wa kwanza alikuwa fundi hasa, vidole vyake havikuwa na mpinzani, lakini alicheka kwa sauti, alikuwa na kope ndefu za kubandika, na alimkazia mtu macho makavu bila kupepesa. Huyo alishukuriwa akaenda zake. Wa pili alikuwa mama wa makamo ambaye mgongo ulimuuma. Wa tatu aliletwa na dada mkubwa, binti wa jirani yake, msichana mwembamba ambaye mtaani kwao walimwita Kimya.

Kimya alikaa ukingoni mwa kiti. Aliulizwa amejifunza wapi kusuka, akaijibu miguu ya msusi. Aliulizwa ana mchumba, akatikisa kichwa akiiangalia ile stuli. Dada mkubwa akamwambia, "Inua uso, mwanangu, hatuli watu," na Kimya akauinua hadi kwenye tumbo la msusi, ukakwama hapo.

Msusi alimpenda papo hapo.

"Huyu," akamwambia dada yake Kimya alipotoka. "Huyu hamtazami hata mbuzi."

Dada mkubwa akacheka. "Ni wewe mtupu," akasema. "Utadhani mama ndiye aliyemlea."

Msusi akaipokea hiyo kama sifa.

Mtoto akazaliwa, wa kike, mwenye sauti. Usingizi ukaihama nyumba. Miezi ile ya kwanza kinyozi alirudi jioni amenyong'onyea, akakaa sebuleni na koti lake, akasema saluni haina raha, binti anasuka vizuri lakini kukaa naye ni kama kukaa na ukuta. Kisha akauliza, akiisemesha kanga ya mtoto, "Utarudi lini?"

Swali hilo lilimtosha msusi kushinda nalo na kulala nalo. Ananitafuta kiooni, alijiambia, na hanioni.

Halafu swali likapungua, halafu likakoma. Msusi hakuliona likikoma, maana kilikuja kitu kingine kizuri zaidi kikamfumba macho. Mume wake alianza kumtazama. Ndiyo, kumtazama, usoni, taa ikiwaka! Ilianza siku moja mezani. Msusi alikuwa anamlisha mtoto uji, akahisi kitu, akageuka, na kinyozi alikuwa anamtazama moja kwa moja, kwa utulivu, kama mtu anayetazama nje dirishani. "Umechoka leo," akasema. "Nipe nimlishe." Akampokea mtoto, na hata alipompokea hakuyaondoa macho, wala hakuhangaika, wala hakutafuta pa kuyaweka. Siku ya pili hivyo hivyo. Akaanza kusaidia kufua. Akaanza kuimba wimbo wakati wa kuoga. Alinunua koti jipya. Akawa mpole upole wa mtu anayemsindikiza mgeni.

Msusi alifika kwa dada yake amejaa furaha. "Dada, siku hizi ananiangalia."

"Anakuangalia vipi?"

"Usoni. Ana kwa ana. Kama watu."

Dada mkubwa akapiga kigelegele kidogo, cha utani. "Nilikwambia haya zitakwisha. Mtoto huleta mengi. Sasa na wewe muangalie mwenzio."

Naye alijaribu. Alimtazama mume wake, na kila alipomtazama yeye ndiye aliyeshindwa, moyo ukamdunda, macho yakakimbia. Alijilaumu. Mwenzangu amekua, mimi bado nina miaka saba, alijiambia. Ndipo akakata shauri. Mtoto amekwisha kuacha kunyonya mchana, dada mkubwa amekubali kukaa naye, na kichwa chake mwenyewe tangu uzazi kilikuwa kichaka. Ataingia saluni bila kutoa taarifa. Atakaa kwenye kiti chake kama mteja, asukwe, na muda wote huo atamtazama mume wake kiooni mpaka ashibe. Kisha atamwambia kwamba Jumatatu anarudi kazini. Alitaka kuiona ile sura yake akiambiwa. Kwa ajili ya sura hiyo alivaa gauni ambalo halijamtosha tangu ajifungue, akavuta zipu huku amekata pumzi.

Ilikuwa siku ya wingu, saluni imewasha taa mchana. Alipoingia, mashine ilikuwa inaunguruma kwenye kichwa cha kijana mmoja wa chuo aliyekuwa amesinzia. Kinyozi akageuka, akamwona, akatabasamu kwa uso wake wote. "Karibu, mama. Mbona hukusema unakuja?" Macho yake yalimtulia usoni, makunjufu, hayana wasiwasi. Msusi ndiye aliyetazama sakafu. Sakafu ilikuwa imefagiwa vizuri.

"Shikamoo, dada," Kimya akasema, akiuambia mkoba wa msusi.

"Marahaba. Nataka mistari midogo, ya kurudi nyuma. Una nafasi?"

"Ninayo, dada. Karibu."

Akakaa. Kiti kilimpokea kwa ule mlio wake wa siku zote, ila mguu wake ulitafuta sakafu na haukuikuta, maana hakuwahi kukikalia, alikisimamia tu. Kimya akamfunika shuka, akazifungua zile nywele, akaanza kuchana kutoka nchani. Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Alijua kugawa, alijua kuvuta bila kuumiza. Msusi alifumba macho kidogo kwa raha, akayafumbua, akaanza kumtafuta mume wake.

Kwanza hakupata kitu. Kinyozi alikuwa ameinamia sikio la yule kijana. Msusi akangoja. Alikuwa na muda, mistari midogo ni kazi ya saa nyingi. Nje mvua ilianza, ikachora michirizi dirishani. Kijana alinyolewa, akapigwa poda, akaondoka akijishika kisogo, akaja mwingine. Upande wa kushoto wa kichwa cha msusi ukakamilika, mistari imelala safi, na upande wa kulia ulikuwa bado umesimama wima kama ulivyoingia. Alianza kuhisi mshangao kidogo. Zamani hawakuwahi kupitisha muda wote huo bila kutupiana jicho.

Ghafla vidole vya Kimya vikasimama.

Vilisimama katikati ya fungu, nywele zimeshikwa tatu tatu, havikuvuta wala havikuachia. Msusi alivihisi kwenye ngozi ya kichwa, vimepoa. Akainua macho. Kiooni, mume wake alikuwa ameinua uso, mashine ikiunguruma hewani, anatazama. Lilikuwa lile jicho. Lile lisilo na neno. Lilikuja, likaogopa, likashuka kwenye taulo, likarudi tena.

Moyo wa msusi ukaruka kama zamani. Nipo, alitaka kumwambia, nimerudi. Akatabasamu. Alilitabasamia lile jicho kwa tabasamu lote alilokuwa amelitunza miezi yote ya uji na nepi, akangoja lirudishwe.

Halikurudishwa. Kinyozi hakuliona. Macho yake hayakuwa kwenye uso wa mtu aliyekaa. Yalipita juu, juu ya mistari mipya na kichaka kilichobaki, kwa upana wa kiganja tu, na msusi akayafuata taratibu kama anayepanda ngazi gizani. Huko juu alikuwepo Kimya. Msichana asiyemtazama hata mbuzi alikuwa ameinua uso mzima, macho yamefunguka, makubwa, mazuri kuliko msusi alivyodhani, yamejaa hofu na furaha ile ile ambayo yeye mwenyewe aliifahamu mpaka uchungu wake. Hakuna aliyemwona msusi akitazama. Alikuwa amekaa mahali pa mteja, na mteja haonekani.

Hakulia. Alitamani kulia, lakini shuka ilikuwa imemfunga shingoni na mikono ilikuwa chini yake. Alitamani kusimama atoke, na hapo ndipo alipoona balaa yake yote ilivyokamilika: nusu ya kichwa chake imesukwa, nusu imesimama. Ataenda wapi mtu na kichwa kama hicho, kwenye mvua, mchana kweupe? Akawaza mabaya. Akawaza kumpiga Kimya kofi, kofi lile lile, kabla hajapepesa. Kisha akamtazama tena kiooni akaona jinsi shingo yake ilivyokuwa nyembamba, na hasira ikakosa pa kushika. Mimi ndiye niliyemchagua, alijiambia. Niliwafukuza wengine wote nikamchukua huyu, kwa sababu ile ile iliyomfanya mume wangu anichukue mimi.

Vidole vikarudi kusuka, kwa haraka.

"Kimya," msusi akasema. Sauti yake ilitoka ya kawaida, mwenyewe akaishangaa. "Kimebaki kiasi gani?"

"Nusu, dada." Macho yalikuwa yamekwisha kushuka.

"Ngoja kidogo."

Akatoa mguu chini ya shuka, akausukuma ukingo wa meza iliyokuwa chini ya kioo, kiti kikazunguka. Kioo kikaenda kando, likaja kabati la taulo, likaja dirisha la mvua, na mwisho akaja mume wake, yeye mwenyewe wa nyama na mifupa, hatua mbili tu kutoka kwake, koti jipya, mashine mkononi. Hawakuwahi kuelekeana hivyo katika chumba hiki, miaka yao yote. Alikuwa na mkunjo mdogo chini ya jicho la kushoto ambao kioo hakikuwahi kuuonyesha. Msusi akauinua uso wake. Haikuwa rahisi, shingo ilimkakamaa, lakini akauinua mpaka macho yake yakagota kwenye ya mume wake, akayashikilia pale.

"Nataka kurudi kazini," akasema. "Jumatatu."

Alijua anachokitafuta. Alitaka mume wake ashtuke. Alitaka aone haya, ababaike, adondoshe mashine, atafute sakafu, kitu chochote ambacho kingeonyesha kwamba kumtazama mkewe bado kunamgharimu. Hata hatia ingemtosha. Mwenye hatia anakwepa, na anayekwepa bado ana kitu.

Kinyozi akazima mashine ili amsikie vizuri. Akamtazama usoni, moja kwa moja, kwa upole, kama anavyomtazama dada mkubwa akija kuwasalimia, kama anavyowatazama wateja wazuri wa siku nyingi.

"Sawa, mke wangu," akasema. "Kiti ni chako. Ila usijichoshe."

Msusi akaendelea kumtazama. Alingoja apepese. Alingoja aangalie chini. Mvua ilipiga dirisha, mteja akakohoa chini ya shuka yake, na nyuma ya kiti Kimya alikuwa hapumui. Kinyozi hakuangalia chini. Alisimama pale anamtabasamia mkewe, macho yake yametulia kabisa, mpaka msusi mwenyewe akashindwa, akakigeuza kiti kuelekea kioo.